Kadi ya Giga Nne

Kibanda cha Cubaka kiko pale kilima cha Kadutu kinapoanza kuyadai magoti,
kati ya mshona viatu na mama wa sambaza.
Nimempa kadi ndogo kuliko ukucha wa mwanangu
na kuandika katika daftari lake:
*Mtoto. Miezi ishirini na miwili. Muziki na dansi.*
Akaandika chini yake: *Franka mia mbili kwa video moja.*
Kisha akanitazama masikio, kama wanavyonitazama wote,
kana kwamba kuna kitu nimekisahau humo ndani.

Homa ya uti wa mgongo iliyafunga nikiwa na miaka tisa.
Vilivyobaki ni vichache:
kengele ya shule, mvua ya Bukavu juu ya bati,
kwaya ya Pasaka ikikosea ubeti wa tatu kila mwaka,
gita la baba mdogo, uzi mmoja umelegea.
Huo ndio muziki wangu wote.
Nautumia kidogo kidogo, kama chumvi ya mwisho wa mwezi.

Basi nachagua kwa macho. Na kwa kiganja.

Ya kwanza: wanyama wa rangi kali,
picha inaruka kabla haijatua, macho makubwa hayapepesi.
Naigusa spika: inzi ndani ya chupa.
Hapana.

Ya pili: mabinti wa viuno, na kamera imepiga magoti mbele yao.
Cubaka anaandika: *Watoto wote wa hapa wanaipenda.*
Nami: *Watoto wote wa hapa wanapenda pia kula udongo.*
Anacheka, naona mabega.

Ya tatu: watoto wamevaa glovu, wanacheza juu ya theluji.
Nzuri, safi, hata wamechana nywele.
Lakini Ansima ananisoma mikononi tangu alipokuwa wa kubebwa,
*maziwa* ni ngumi inayofunguka, *njoo* ni vidole.
Atajuaje kama ndani ya mifuko ile mna mikono?

Ya nne. Mwanamume kakaa juu ya kreti la bia, ngoma magotini,
na watoto watatu wanacheza vibaya, vibaya kabisa,
kila mmoja amechelewa kwa njia yake.
Mdogo anaanguka. Anainuka. Anatazama nyuma aone nani ameanguka.
Kiganja changu: pigo, pigo, nafasi, pigo.
Nafasi ile naijua.
Ndipo mvua ilipokuwa ikivuta pumzi juu ya bati.

*Hii.*

*Sauti mbovu, mama. Inakwaruza.*

*Hii.* Nikapiga mistari miwili.

Halafu nikaogopa.
Mguu nitausoma, bega nitalisoma,
ila mdomo wa mwenye ngoma umefichwa na kofia.
Je, anatukana? Je, ni wimbo wa wanasiasa,
nami nitamlisha mwanangu kwa kijiko nisichokiona?
Nikamwomba Cubaka asikilize mpaka mwisho, aniandikie maneno yote.
Akavaa vile vizibo vyake vya masikioni, wateja wawili wakangoja,
mmoja akaondoka amenuna.
Akaandika:

*Anawaita majina tu. Mmoja, mwingine, wa tatu.
Akimaliza anaanza upya.*

Nililipa mia mbili. Sehemu kubwa ya kadi ikarudi tupu.
*Nafasi haiozi,* nikamwandikia, alipotikisa kichwa.

Kwetu umeme huja saa tano usiku, kama mgeni asiye na adabu,
kwa hiyo tunatazama kwa chaji ya kibandani, mara mbili kwa siku, si zaidi.
Ansima husimama, miguu mbalimbali,
na kabla ya kucheza huweka kiganja juu ya spika.
Hakuna aliyemfundisha. Au ni mimi.

Jana niliona midomo yake ikiita kitu,
ikiita tena, uso umejaa huruma,
neno ambalo halimo katika mikono yetu.
Nikamtazama jirani, Mama Nabintu, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni.
Akafuta kisu, akaandika kwenye vumbi kwa ncha yake:

*Anamwita yule anayeanguka.*